Majaribio 64 yamepita, lakini eddo anaambiwa hajalipa

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa nyumbani Bura, na kwa wiki tatu sikuandika lolote isipokuwa viduara na mishale kwenye daftari la shule la mpwa wangu. Leo nataka kueleza michoro ile ilikuwa ya nini, maana wengi mmeniuliza mtu aanzie wapi akitaka kupima programu kwa kutumia modeli, na kama kweli hii akili mnemba inaweza kutufanyia kazi hiyo. Jibu langu ni ndiyo, inaweza kusaidia sana, lakini si kwa njia niliyoanza nayo mimi. Mimi nilianza vibaya, na aliyelipia ni shangazi yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu Bura. Kenya ina Bura zaidi ya moja. Kuna ile ya Taita. Kuna ile ya kaunti ya Tana River, yenye skimu ya umwagiliaji. Na kuna yetu, ya Fafi, kaunti ya Garissa, iliyo upande wa mashariki wa mto Tana, ng'ambo kabisa ya ile ya skimu. Mtu akikuambia "mzigo wako nimeutuma Bura" bila kusema Bura ipi, unaweza kukaa ng'ambo ya mto wiki nzima huku wewe unausubiri huku. Jina moja, mahali pawili. Likumbuke hili, tutalirudia.

Sasa programu yenyewe. Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye mimi humwita eddo (naye huniita eddo vivyo hivyo, ndiyo desturi yetu), yumo kwenye ayuuto ya akina mama 23. Wengine mnaiita chama, wengine mchezo, wengine upatu. Kila mwanachama hutoa shilingi 500 kwa wiki, na kila wiki mmoja huchukua fungu lote. Kuna anayeuza maziwa, anayeuza nyanya na maembe ya kando ya mto, anayeuza nguo. Hesabu ilikuwa kwenye daftari moja la mweka hazina, na daftari lilikuwa limechoka.

Mimi, kijana mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta na kiherehere chake, nikajitolea kuwatengenezea mfumo. Kwa vile wengi wao wana simu za kabambe, nilitumia USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na alama ya reli. Mwanachama anapiga namba, anachagua 1 "Weka mchango", anaandika kiasi, anathibitisha. Kisha ombi la malipo linatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, pesa inaingia kwenye akaunti ya kikundi, na baada ya muda mfupi risiti inatumwa kwenye seva yangu. Programu inaandika: fulani amelipa 500. Basi.

Niliandika majaribio 64 ya kujiendesha. Kila nikibadilisha mstari mmoja wa msimbo, yote yanakimbia na kutoa rangi ya kijani. Nilijivunia sana ile kijani.

Siku moja ya Ijumaa eddo akanipigia simu. Hakusalimia kwa kirefu kama kawaida yake.

"Eddo, hiyo mashine yako inasema mimi ni mwongo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza. Jumamosi mbili mfululizo orodha imesomwa mbele ya wenzake, na mbele ya jina lake hakuna kitu. Yeye anajua amelipa. Ujumbe wa kuthibitisha aliufuta kwa sababu simu yake hujaa haraka. Kwenye ayuuto hakuna mkataba wala dhamana. Kuna jina la mtu tu. Basi alitoa shilingi 1,000 nyingine kutoka kwenye pesa ya maziwa, akanyamaza, ili maneno yaishe.

"Hukuwaambia kwamba programu huenda imekosea?" nikamuuliza.

"Ningewaambiaje, na programu ni yako?"

Sikulala vizuri usiku ule. Niliyaendesha majaribio. 64, yote kijani.

Nikafanya kile ambacho nadhani wengi wenu mngefanya siku hizi. Nilichukua msimbo wangu wote nikaupa programu ya akili mnemba, nikaiambia: niandikie majaribio zaidi, tafuta mahali ambapo sikupima. Chini ya dakika mbili nikapata majaribio 41 mapya, yameandikwa kwa unadhifu kuliko yangu, kila moja na jina zuri. Nikayaendesha. Sasa nilikuwa na 105, yote kijani, na eddo bado ni mwongo.

Wenyeji wa kwetu mnaujua mti wa mathenge. Uliletwa pande za Bura miaka ya 1980 ili skimu ipate kuni, ukaenea hadi ukafunga njia za mifugo. Uko kijani mwaka mzima, hata wakati wa ukame. Lakini mbuzi akizoea maganda yake matamu, meno yake huharibika. Majaribio yangu 105 yalikuwa mathenge. Kijani si dalili ya malisho.

Kosa langu ni hili, na nawaomba mlisome mara mbili kwa sababu naona watu wengi wakilifanya: ukiipa mashine msimbo wako na kuiomba majaribio, itausoma msimbo na kukueleza unachofanya. Haijui ulitakiwa ufanye nini. Nilipoyapitia yale 41 moja baada ya jingine, nilikuta moja lenye maana hii: "mwanachama akipiga tena, ombi linalosubiri lifutwe". Na kweli, programu yangu hufanya hivyo. Mashine ilikuwa imeiona hitilafu yenyewe, ikaipa jina zuri, na kuiwekea mlinzi ili mtu asije akairekebisha! Mimi niliusoma mstari ule nikaona uko sawa, kwa sababu ndivyo nilivyokusudia.

Wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda Garissa, na kutoka pale nikateremka hadi Bura. Sikwenda na mpango wowote wa kitaalamu. Nilikwenda kumwomba msamaha eddo. Lakini kwa vile alikuwa sokoni, nilikaa naye pale kwenye kibanda chake siku nne, na siku hizo zilinifundisha upimaji kuliko muhula mzima chuoni. Haya ndiyo niliyoyaona, niliyaandika kwenye daftari:

- Eddo akifika kwenye menyu ya pili, mteja anakuja. Anaiweka simu chini, anapima maziwa, anarudisha chenji. Akirudi, menyu imekatika, maana kikao cha USSD hakimsubiri mtu. Anapiga upya.
- Akishaweka namba ya siri, hasubiri ujumbe. Anapiga tena papo hapo aone salio lake kwenye menyu ya 2. Kwake huko ndiko kuthibitisha: anataka kuona jina lake lina kitu.
- Dada yake hana simu. Eddo humlipia kwa simu yake, 500 juu ya 500, bila hata kupumzika.
- Mtandao ukisumbua, ujumbe wa malipo huchelewa. Wakati mwingine ni sekunde chache, wakati mwingine ameshafunga kibanda ndipo unaingia.
- Akikosea, hampigii mtu. Anaanza upya.

Angalia sasa. Katika majaribio yangu yote 64 hakuna mtu hata mmoja aliyeuza maziwa. Yule mtu niliyempima alikuwa ni mimi: amekaa kitini, ana mtandao, anabonyeza kwa mpangilio na kusubiri kwa adabu.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la modeli. Chuoni tulilipita haraka, kama kitu cha mtihani. Wazo lenyewe ni la zamani na ni jepesi. Badala ya kuandika jaribio moja moja, unaandika ramani ya mfumo: hali zilizopo, na njia za kutoka hali moja kwenda nyingine. Kisha unaiachia kompyuta itembee kwenye ramani hiyo, mara elfu, kwa njia ambazo wewe usingezifikiria, na kila ikipiga hatua inauliza kama masharti uliyoweka bado yanashikilia. Jaribio la kawaida ni safari moja uliyoichagua. Modeli ni ramani ya safari zote.

Kwa nini hatuziandiki tu safari zote kwa mkono? Piga hesabu. Ukiwa na uchaguzi 3 tu katika kila hatua, safari za hatua 10 ni 3 mara yenyewe mara kumi, yaani 59,049. Mimi nilikuwa nimeandika 64.

Nikachukua daftari la mpwa wangu nikaanza kuchora. Nilichora kwa mujibu wa yale eddo anayofanya, bila kuutazama msimbo wangu. Ramani ilikuwa hivi:

NJE -> (anapiga) -> MENYU
MENYU -> (1) -> KIASI
MENYU -> (2) -> SALIO
KIASI -> (anaandika 500) -> INASUBIRI
INASUBIRI -> (anathibitisha) -> INASUBIRI
INASUBIRI -> (risiti inafika) -> IMEANDIKWA
popote -> (kikao kinakatika) -> NJE

Nilipofika mstari wa tano kalamu ikasimama. INASUBIRI kwenda INASUBIRI? Hali ya kwanza inamsubiri eddo aseme ndiyo. Hali ya pili inasubiri risiti ya pesa ambayo tayari imeshatoka mfukoni mwake. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa! Ukiifuta ya kwanza, hakuna aliyeumia. Mtu ameghairi tu. Ukiifuta ya pili, umefuta pesa ya mtu. Lakini kwenye hifadhidata yangu zote mbili niliziita neno moja. Kwa hiyo eddo alipopiga tena kutazama salio, programu ilisema, "lo, kuna ombi la zamani linasubiri, huyu ameghairi," ikalifuta. Risiti ilipofika ikatafuta ombi la namba ile ya simu, ikakosa. Ikaandika kwenye kumbukumbu za seva mstari mmoja ambao niliuandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu: "risiti bila ombi, imepuuzwa."

Bura mbili, jina moja. Na mzigo uko ng'ambo ya mto.

Mtasema: basi hitilafu umeiona kwa karatasi na kalamu, programu za modeli za nini tena? Swali zuri. Nilitaka kuhakikisha mambo mawili: kwamba kweli hiyo ndiyo sababu, na kwamba ni hiyo peke yake. Kwa hiyo nikaigeuza ramani kuwa programu.

Kuna zana kadhaa, nyingi ni za bure. GraphWalker inakuwezesha kuchora modeli kama viduara na mishale, kisha ukaiambia itembee kwa kubahatisha hadi mishale yote iwe imepitiwa, asilimia 100. (Kuna hisabati nzuri nyuma ya kazi ya aina hii: mwaka 1960 mwanahisabati wa China, Mei-Ko Kwan, aliandika juu ya mtu wa posta anayetaka kupita kila mtaa angalau mara moja kwa njia fupi kuliko zote. Mtu wa posta ndiye mpimaji wetu, na mitaa ni mishale.) Mimi natumia Python, kwa hiyo nilichagua Hypothesis. Hiyo inafuata mkondo wa QuickCheck, ambayo Koen Claessen na John Hughes waliitangaza mwaka 2000 wakiwa Sweden: hutaji mifano, unataja sifa ambayo lazima iwe kweli, na kompyuta inatafuta mfano wa kukuumbua.

Sifa yangu ilikuwa moja tu, na niliipata kwa kumuuliza mweka hazina wa kikundi, mama ambaye hajawahi kusikia neno modeli. Nilimwuliza, "Mama, kwako wewe hesabu ikiwa sawa inakuwaje?" Akanijibu bila kufikiri: pesa iliyoingia na pesa iliyo kwenye daftari ziwe moja. Akaongeza kwamba kwa wiki kadhaa akaunti imekuwa ikizidi daftari na hakujua azidishe jina la nani. Ndiyo hiyo. Kila baada ya hatua, jumla ya risiti zilizofika lazima ilingane na jumla ya daftari.

Jambo moja la kiufundi ambalo lilinichukua siku nzima kulielewa: usisubiri muda wa kweli. Nilitengeneza lango la malipo la bandia ndani ya kompyuta yangu, na "risiti inafika" nikaifanya iwe hatua kama hatua nyingine, ambayo mtembezi anaweza kuichukua mapema, kwa kuchelewa, au asiichukue kabisa. Vivyo hivyo "kikao kinakatika". Ukifanya hivyo, mtandao mbovu unakuwa sehemu ya ramani na unaweza kuupima ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Nami nilipima nikiwa sina mtandao wowote, kwa umeme wa sola.

Kwa kawaida Hypothesis hujaribu safari 100, kila moja hadi hatua 50. Nilibonyeza, nikaenda kuchukua chai. Niliporudi ilikuwa nyekundu. Safari ya kwanza iliyovunja sharti ilikuwa na hatua 38, fujo tupu. Lakini zana hii ina tabia njema: ikipata kosa, inalipunguza hatua kwa hatua hadi ibaki safari fupi inayokosea vilevile. Iliniachia hii:

1. Anapiga.
2. Anabonyeza 1.
3. Anaandika 500.
4. Anathibitisha.
5. Anaweka namba ya siri.
6. Anapiga tena.
7. Risiti inafika.
Pesa: 500. Daftari: 0.

Nilimwonyesha eddo. Hajui kusoma vizuri, kwa hiyo nilimsomea. Nilipofika hatua ya sita akacheka, "Huyo ni mimi."

Sasa turudi kwenye akili mnemba, maana niliahidi. Baada ya hapo niliitumia tena, lakini kwa mpangilio mwingine, na safari hii ilinifaa. Sikuipa msimbo hata mstari mmoja. Niliipa maelezo kwa lugha ya kawaida: mfumo unatakiwa kufanya nini, na yale matano niliyoyaandika nikiwa sokoni. Nikaiomba initengenezee hali na njia, na iniulize pale ambapo maelezo hayatoshi.

Kabla ya hapo, kwa udadisi, niliipa maelezo ya mfumo bila yale matano ya sokoni. Ilinichorea ramani safi yenye hali 7, zote kwenye mstari mmoja ulionyooka kama barabara mpya. Hakuna anayerudi nyuma, hakuna anayepiga tena. Nilipoongeza yale matano, ikatoa njia nyingi, na mbili kati yake sikuwa nimezifikiria: risiti ileile kufika mara mbili, na mtu kuandika kiasi chenye nafasi katikati, "5 00". Ya kwanza ilikuwa hitilafu ya kweli, programu yangu ingehesabu pesa mara mbili. Ya tatu ilikuwa ya kubuni: ilisema mtumiaji anaweza kubonyeza 0 kurudi nyuma kila mahali. Menyu yangu haina 0. Nadhani imeona menyu nyingi zenye 0 ikadhani zote ziko hivyo.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kuanza, nimepanga hivi kutokana na makosa yangu:

Kwanza, nenda ukamwangalie mtu anayeitumia programu, mahali anapoitumia. Siku moja inatosha kuanza. Andika anachofanya, usiandike alichotakiwa kufanya.

Pili, chora ramani kwa mkono, viduara visizidi kumi. Kila kiduara kiulize: nikikifuta hiki, kuna mtu ataumia? Kama kiduara kimoja kina majibu mawili, hicho ni viduara viwili.

Tatu, pata sharti moja lisilovunjika, kwa maneno ya mwenye mali. Kama huwezi kulisema kwa sentensi moja bila neno la kompyuta, bado hujalipata.

Nne, hapo ndipo uilete akili mnemba. Mpe maelezo na ramani, usimpe msimbo. Mwombe njia zilizosahaulika. Kila njia anayokupa, ithibitishe kwa mtu au kwa simu yenyewe kabla hujaiingiza. Na tafadhali usimpe orodha ya wanachama na namba zao za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria, ni siri za watu. Mimi nilitumia majina A, B na C.

Tano, modeli ikishakubaliwa, iwe ni faili la kawaida linalokaa pamoja na msimbo wako, linakimbia bila mtandao na bila akili mnemba. Akili mnemba ikusaidie kuchora ramani. Isiwe yenyewe inayoamua kila siku kama jaribio limepita. Ukitaka safari ileile irudiwe kesho, lazima iweze kurudiwa.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo ya kutia aibu. Hali ya INASUBIRI niliigawa mara mbili: INASUBIRI_IDHINI na INASUBIRI_RISITI, na ya pili haifutwi na mtu yeyote. Risiti sasa inatafutwa kwa namba ya ombi badala ya namba ya simu, kwa hiyo eddo anaweza kumlipia dada yake mara moja baada ya yake. Risiti ileile ikija mara mbili inahesabiwa mara moja. Na ile isiyo na ombi haipuuzwi. Inakwenda kwenye orodha ambayo mweka hazina anaiona. Yote pamoja ni kama mistari 30.

Kilichokuwa kigumu ni jambo jingine. Nilipitia kumbukumbu za seva nikitafuta ule mstari wa "imepuuzwa". Nilikuta risiti 9 za akina mama watano, shilingi 4,500. Mbili zilikuwa za eddo. Tatu zilikuwa za mama mmoja ambaye alikuwa ameshajitoa kwenye ayuuto, kwa sababu walimsema na yeye hakuweza kujitetea. Hakunipigia simu. Angenipigia kwa nini, mimi si mpwa wake.

Jumamosi nilisimama mbele yao nikasoma majina matano, tarehe na kiasi, nikasema kosa ni langu na si la hawa. Mweka hazina alitoa akaunti, hesabu ikalingana, wote wakarudishiwa haki yao. Eddo alirudishiwa 1,000 yake ya maziwa. Yule mama wa tatu alipelekewa 1,500 nyumbani na wazee wawili wa kikundi, nami nilikwenda nao. Alitupokea vizuri, alitupa chai, alipokea pesa. Kwenye ayuuto hajarudi hadi leo, na simlaumu.

Programu bado inatumika. Modeli inakimbia kila usiku. Siku ya mwisho kabla sijaondoka, eddo aliniuliza, huku akipima maziwa ya mteja, simu imelala kando na menyu imeshakatika:

"Eddo, na sasa mashine inajua kwamba mimi huuza maziwa?"

Nikamwambia inajua. Iko kwenye mstari wa saba wa ramani, "kikao kinakatika". Akasema basi ni vizuri, akachukua simu na kupiga upya.

Haya wasomaji, kwa leo niishie hapo, chaji nayo imebaki kidogo. Makala ijayo, inshallah, nitawaonyesha jinsi ya kutengeneza lile lango la malipo la bandia, hatua kwa hatua. Hadi hapo, kabla hujaandika jaribio lako la 65, nenda kwanza ukakae kwenye kibanda cha mtu.